Nani Atufundishe Habari za Fedha?

Wapendwa, sisi akina mama wa Cheyo tunapoandaa semina ya fedha na biashara, swali gumu ni hili: nani awe mnenaji mkuu?

Tusivutwe na suti wala ahadi tamu. Tukumbuke DECI. Waliouongoza mchezo ule walikuwa wachungaji. Watu "walipanda" fedha wakitumaini "kuvuna" nyingi zaidi, hadi Serikali ilipousimamisha mwaka 2009. Wengi hawakuvuna.

Basi, kabla ya kumwalika mtu tumuulize: Anafanya biashara gani? Atatueleza na hasara alizopata? Je, siku hiyo atatuuzia kitu au kutuandikisha mahali? Akikwepa, tumshukuru na tumwache.

Huenda anayetufaa ni jirani yetu: mama muuza asali mwenye daftari la mapato na matumizi, au Afisa Maendeleo ya Jamii, anayeijua mikopo isiyo na riba ambayo halmashauri hutoa kwa vikundi vya wanawake.

Lidia wa Matendo 16 alijulikana kwa biashara yake na kwa nyumba aliyowafungulia watumishi wa Mungu. Tumwombe Bwana, kisha tuulize bila haya. Fedha inayozungumzwa ni ada ya watoto wetu.