KAZI YA KIKUNDI INATAKA KUBUNI



Je, katika kikundi chenu mtu akijaribu jambo jipya huambiwa nini? Wengi huambiwa, "Acha mchezo, fanya kazi." Mwezi huu tuutazame mchezo huo. Huenda ndani yake mna riziki.

Mnamo mwaka 1968 Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alianza kuchora picha Dar es Salaam, upande wa Kinondoni. Hakuwa amesomea uchoraji. Hakuwa na vifaa vya ghali. Alitumia vipande vya hadibodi na rangi ya kupakia baiskeli. Alichora chui, ndege na tembo kwa namna yake mwenyewe. Watu walizipenda picha zake, wakanunua.

Jamaa zake na vijana wachache walifanya kazi pamoja naye, wakajifunza. Mwaka 1972 Tingatinga alifariki. Je, kazi ilikufa? Haikufa. Ujuzi ulikuwa mikononi mwa wengi. Wanafunzi wake waliendelea, wakafundisha wengine. Mwaka 1990 waliandikisha chama chao cha ushirika. Leo uchoraji huo unaitwa Tingatinga, na unajulikana hata nchi za mbali.

Lakini pana hatari. Picha moja ikiuzika sana, wengi huiiga. Mteja huona kitu kile kile kila anapopita. Bei hushuka. Kuiga ni mwanzo wa kujifunza. Kuiga siku zote ni kubaki pale pale.

Ikiwa kikundi chenu kinasuka mikeka, kinashona au kinafinyanga vyungu, fanyeni hivi:

Kwanza, tengeni saa moja kila juma ya kujaribu. Tumieni mabaki ya ukili, vitambaa au udongo, ili msipate hasara.

Pili, kila mmoja ajaribu, wazee kwa vijana. Asiyefaulu asichekwe.

Tatu, saa ikiisha, wekeni vitu vyote mbele yenu, mviangalie pamoja. Chagueni kimoja. Tengenezeni vichache, mvipeleke sokoni. Vikinunuliwa, ongezeni.

Mwenyekiti naye aketi na wenzake, ajaribu. Wakimwona kiongozi amekosea na hakuona haya, nao hawataogopa.

Kidole kimoja hakivunji chawa. Kichwa kimoja nacho hakimalizi mawazo yote. Je, ndugu msomaji, saa yenu ya kujaribu itakuwa siku gani?