MASHINI YA KUKATIA CHUMA SI PANGA



Mwezi huu hatusemi habari ya mishahara. Twataka kusema habari ya ile mashini ya kukatia chuma, ile ya diski kubwa inayoshushwa kwa mkono. Katika karakana moja tumeona kofia yake ya kinga imefungwa kwa waya isirudi chini, na msimamizi apita hapo kila siku asiseme neno. Alipoulizwa alijibu ya kwamba kazi ni nyingi na kofia inachelewesha watu. Sisi twauliza: mtu akipofuka, kazi itakwenda upesi zaidi?

Hebu tufanye hesabu. Diski ya inchi 14 ni milimita 355. Ikizunguka mara 3,800 kwa dakika, ukingo wake unakwenda mita 70 kila sekunde, yaani kilomita 250 kwa saa. Hakuna gari la moshi katika Kenya liendalo hivyo. Diski ikipasuka, vipande vyake vyaruka kwa mwendo huo huo, tena vyafuata mstari wa diski. Ndiyo sababu fundi asimame kando kidogo, wala asiweke uso wake sawasawa na diski.

Kabla ya kugusa chochote, chomoa plagi. Kuzima swichi hakutoshi, maana mwenzako aweza kuiwasha bila kujua. Itazame diski mpya pande zote mbili. Yenye ufa, au iliyomeguka ukingoni, au iliyolowa maji stoo, itupwe. Nyingi zimeandikwa kwenye pete ya katikati mwezi na mwaka wa mwisho wa kutumiwa. Isomwe, kwa kuwa gundi yake huzeeka. Wazee wetu hugonga jiwe la kunolea wakasikiliza mlio. Kwa jiwe lile ni vyema, lakini diski hii ya gundi na nyuzi haisemi kweli kwa mlio. Tumia macho.

Soma pia mizunguko. Diski ya kawaida ya inchi 14 imeandikwa 4,300 kwa dakika. Mashini ikizunguka zaidi ya hapo, diski hiyo si yake. Wala usifunge diski ya meno ya kukatia mbao. Twajua wako waliojaribu.

Diski iingie katika mhimili bila kugongwa, na tundu lisipanuliwe kwa tupa. Sahani mbili zinazoibana ziwe safi na za upana mmoja, zisipolingana diski hupindwa ikavunjika. Kaza kwa spana ya mashini yenyewe, bila kuirefusha kwa bomba. Rudisha kofia, ondoa spana, zungusha diski kwa mkono uone haigusi mahali. Ndipo uchomeke plagi, usimame kando, na uiache izunguke dakika nzima bure. Ikitetemeka, zima.

Kuweka pembe ndiko kunakowashinda wengi. Alama zilizopigwa kwenye mashini zisiaminiwe sana, kwa sababu ikigongwa mara mbili tatu husogea. Plagi ikiwa nje, legeza bolti za ule ukuta wa kuegemeza chuma, weka guni kati ya ukuta na ubavu wa diski, sawazisha, kisha kaza bolti zote. Tazama na kizuizi cha chini: diski ivuke chuma lakini isifike kwenye meza wala sakafuni.

Chuma kibanwe na jiriwa. Wako wanaokishika kwa mguu, na viatu vyenyewe ni vya raba! Chuma cha pembe kilazwe mgongo juu kama paa la nyumba, hivyo diski hukutana na unene mdogo, haikwami. Chuma kirefu kiwekewe magogo ya kimo cha meza, lakini upande wa kipande kitakachoanguka usiinuliwe, kisije kikaibana diski. Cheche zaruka nyuma, basi matambara ya mafuta na debe la petroli viondolewe huko. Iache ifike mwendo wake ndipo uishushe polepole. Sauti ya mota ikizama, umekandamiza mno. Ubavu wa diski si wa kunolea.

Sasa kwa waajiri. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamtaka mwajiri aweke kinga za mashini, atoe miwani na vifaa vingine, na afundishe watu. Mahali penye wafanya kazi 20 au zaidi pawe na kamati ya usalama, nasi tuwe na wajumbe wetu ndani yake. Mfanya kazi aonaye hatari kubwa amwambie msimamizi wake mara moja, na hapaswi kulazimishwa kurudi hapo kabla haijaondolewa. Hilo si ukaidi wala si mgomo.

Twawaomba wajumbe wa kila karakana wazitazame mashini hizi juma hili. Andikeni ni ngapi, zipi hazina kofia, na miwani iko mingapi kwa watu wangapi. Karatasi zimfikie katibu kabla ya mkutano wa mwisho wa mwezi, maana tutakwenda nazo kwa wakubwa. Na ule waya tuliousema, mjumbe wa hapo aukate leo.