Tamthilia si Karatasi

Kiwanda cha karatasi cha Mgololo, wilayani Mufindi, kilianza uzalishaji mwaka 1985. Wahakiki wengi wa tamthilia wangestahili ajira huko, maana karatasi ndiyo wanayoijua. Hufungua kitabu, huorodhesha dhamira, huhesabu tamathali za semi, hubandika jina la nadharia, kisha hukata hukumu. Jukwaa hawakuliona, sauti hawakuisikia.

Maradhi haya ni ya kale. Aristotle aliitaja misingi sita ya tanzia, na kile kionekanacho jukwaani akakiweka nyuma, akidai kuwa nguvu ya tanzia hubaki hata pasipo maonyesho wala waigizaji. Yeye aliweza kusema hivyo, kwa kuwa wasomaji wake walikuwa watu wa Athens, waliozoea kwenda kutazama. Mwanafunzi wa Mufindi anayesomeshwa *Kinjeketile* darasani huenda asiione ikichezwa maishani mwake.

Wengine hukimbilia kwa Brecht. Kila msimulizi anayesema na hadhira huandikishwa kuwa mwanafunzi wake. Ni kweli Ebrahim Hussein alisoma Berlin Mashariki na nadharia hiyo aliijua barabara. Lakini *Jogoo Kijijini* na *Ngao ya Jadi*, zilizotoka pamoja mwaka 1976, zimesimama juu ya mtambaji. Na mtambaji wa ngano hakungoja Mjerumani amruhusu kusemezana na wasikilizaji wake.

Mwaka huo huo Penina Muhando na Ndyanao Balisidya walitoa *Fasihi na Sanaa za Maonyesho*. Jina pekee lilikuwa somo: ni mambo mawili, wala moja halimezi jingine.

Watajitetea kwamba onyesho hupita na maandishi hubaki. Naam, na ndiyo sababu mhakiki anahitajika: akiandike kile kinachopita. Mpenzi wa ushairi wa Unguja, Pemba au Lamu hahitaji kufunzwa hili. Anajua kuwa shairi lililotimia vina na mizani laweza kufa kinywani mwa mghani asiyejua mahadhi.

Nadharia isitupwe, ingoje zamu yake. Kwanza mhakiki akae na watazamaji, wawe wafanyakazi wa Mgololo au vijana wa Forodhani, aandike nani alicheka, nani alijibu, na wapi kimya kiliingia. Hapo ndipo amwite Aristotle. Mcheza kwao hutunzwa. Asiyefika uwanjani atamtunzaje?