Neno la Mhariri: Nasaba, Mali na Kitabu

Msomaji atakayelifungua toleo hili atakuta makala ya namna mbili ambayo, kwa mtazamo wa kwanza, hayana ujamaa: upande mmoja wamo waandishi wanaohojiana juu ya kabila na maendeleo ya uchumi, na upande wa pili wamo wanaoeleza jinsi vitabu vilivyotengenezwa katika zama za kati, kabla mitambo ya kupigia chapa haijaenea. Tumeyaweka pamoja kwa makusudi, kwani twaamini kwamba swali linalowashughulisha wale wa kwanza, yaani kama utajiri wa watu hutokana na asili yao, laweza kupimwa vyema katika historia ya kitabu, ambacho, pamoja na heshima yake yote, ni bidhaa yenye malighafi, mafundi, bei na soko.

Swali lenyewe ni la kale. Al-Jahiz wa Basra, mwanazuoni wa karne ya 9, alipoandika risala yake juu ya fadhila za Waturuki aliwagawia mataifa vipaji kama mtu agawaye mirathi: Wachina akawapa sanaa za mikono, Wayunani hekima, Waajemi ufalme, Waarabu ufasaha, na Waturuki vita. Mgawo wa namna hiyo ungali ukisikika mabarazani, mtu aambiwapo kuwa kabila fulani limezaliwa na biashara na jingine limezaliwa na uvivu. Wataalamu nao wana yao. Mwaka 1997 William Easterly na Ross Levine walitoa hoja iliyopata umashuhuri mkubwa, kwamba sehemu ya unyonge wa uchumi wa Afrika kusini mwa Sahara yaelezeka kwa wingi wa makabila ndani ya nchi moja, na kipimo chao walikitoa katika atlasi iliyochapishwa Urusi ya Kisovieti mwaka 1964. Hoja hii si ile ya vipaji, na haifai kuchanganywa nayo. Walakini zote mbili zalichukua kabila kuwa ndio mwanzo wa maelezo, ilhali lenyewe lahitaji kuelezwa.

Na tuichukue sanaa mojawapo ya Wachina. Kwamba karatasi ilianzia Uchina hapana shaka. Lakini ilipokwisha kufika Samarkand haikubaki kuwa mali ya Wachina. Al-Tha'alibi asimulia kuwa waliowafundisha watu wa mji huo walikuwa mateka wa vita, na iwe habari hiyo ni kweli au ni ngano, yeye mwenyewe, katika karne ya 11, aliihesabu karatasi miongoni mwa fahari za Samarkand. Kisha katikati ya karne ya 12 al-Idrisi akaisifu ile ya Xàtiba, katika Andalusi, kuwa haina mfano. Kilichosafiri masafa hayo yote ni kazi: matambara ya kitani na kamba kuukuu hulowekwa na kupondwa hata yakawa rojo, rojo likachotwa kwa chekecheke na kuchujwa maji, ukurasa ukaanikwa, ukapakwa wanga ili wino usitawanyike, kisha ukasuguliwa kwa jiwe laini mpaka kalamu ya mwanzi ikapita bila kukwama. Kazi hiyo aweza kujifunza yeyote aliyejaliwa maji, matambara, mwalimu na mnunuzi.

Wanunuzi walikuwapo Baghdad, ambako, kwa maelezo ya al-Ya'qubi, maduka ya wauza karatasi na vitabu katika mtaa mmoja yalizidi 100. Humo kitabu kilipita mikononi mwa watu wa asili na dini mbalimbali. Hunayn ibn Ishaq, Mkristo wa Kinestoria kutoka al-Hira, alizifasiri kazi za tiba za Galen kwa Kisiria na Kiarabu, na miongoni mwa waliomwagiza walikuwamo matajiri wa Kiislamu. Naye Ibn al-Nadim, aliyekuwa mtu wa biashara hiyo hiyo ya vitabu, mwaka 377 wa Hijra akakusanya orodha ya vitabu vya Waarabu na wasiokuwa Waarabu.

Ushahidi ulio bora zaidi watoka Tlemcen. Tangu karne ya 13 mafundi wa Fabriano, Italia, walikuwa wakiponda matambara kwa nyundo zilizoendeshwa na maji, wakitumia gundi ya wanyama badala ya wanga, na kuitia karatasi alama ya karakana ionekanayo ukurasa ukiinuliwa mbele ya mwanga. Karatasi hiyo ilishika masoko ya Maghribi, hata Tlemcen, mji ambao hapo zamani ulijitengenezea yake. Baadhi ya alama zilikuwa za msalaba na za viumbe, na wacha Mungu wakaingiwa na shaka kuliandika jina la Mwenyezi Mungu juu yake. Mwaka 1409 Ibn Marzuq, faqihi wa mji huo, alitoa fatwa kwamba yafaa, kwa kuwa maandishi ya haki huifunika batili iliyo chini yake. Karne nyingi baadaye wanakili wa Siyu, katika pwani ya Waswahili, nao waliandikia karatasi ya Italia.

Tusifahamike kuwa twasema nasaba na dini si kitu. Hati za Geniza ya Fustat, yaani ghala la hati kuukuu la sinagogi katika Misri, ambazo mwanahistoria S. D. Goitein alizishughulikia kwa miongo mingi, zawaonyesha wafanyabiashara wa Kiyahudi wa karne ya 11 wakikabidhiana mali kwa barua tu, baina ya Tunisia na Misri, maana mtu ajulikanaye na jamaa zake huichelea fedheha. Lakini hati hizo hizo zawaonyesha wakishirikiana na Waislamu, na kupeleka madai yao kwa kadhi ilipowafaa. Udugu ulikuwa dhamana, na palipopatikana dhamana nyingine mpaka wa udugu ulivukwa.

Ndivyo ilivyo kwetu pia. Mwaka 2004 mchumi Edward Miguel alilinganisha Busia ya Kenya na Meatu ya Tanzania. Katika Busia, penye mchanganyiko mkubwa wa makabila michango ya shule ilipungua. Katika Meatu haikuwa hivyo, na sababu aliyoitaja ni siasa ya kujenga taifa, ambayo ndani yake mlikuwamo kuenezwa kwa Kiswahili na kuondolewa kwa mamlaka ya watemi.

Basi msomaji akikuta katika kurasa zifuatazo kwamba watu fulani walitajirika na wengine wakabaki nyuma, na aulize kwanza ni nani aliyewafundisha, nani aliyewakopesha, nani aliyewaamulia walipogombana, na nani aliyewafungia mlango. Akiisha kuyajibu hayo yote na bado limesalia jambo lisiloelezeka, hapo ana ruhusa ya kuiuliza nasaba. Nasi twadhani si wengi watakaohitaji kufika huko.