Vikombe Viko Wapi?

Mpenzi msomaji, kabla hujafungua kurasa za vitendawili na vichekesho, nipe dakika chache tu. Nina jambo limenikaa kooni tangu mkutano wa wazazi wa muhula wa pili.

Siku hiyo sisi wa Chama cha Kiswahili tulikuwa tumepangiwa kuwatumbuiza wageni kwa ngonjera, kwa hiyo tulikuwa tumejipanga mlangoni tukingoja kuitwa. Ndipo mzazi mmoja, mtu mzima mwenye sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya mto, aliposimama akasema: "Mwalimu Mkuu, vyama vyenu hivi vitano vinakula saa mbili kila Ijumaa, na nauli ya kwenda kushindana ni sisi tunalipa. Haya, vikombe viko wapi?" Watu wakaangua kicheko, na wengine wakapiga makofi. Kusema kweli, hata mimi nilichungulia meza ya mbele nione. Palikuwa na kikombe kimoja, cha kandanda, na sikio lake moja limevunjika.

Basi likatolewa pendekezo kwamba vyama vitano vipunguzwe viwe viwili, na saa za Ijumaa ziwe za marudio ya Hisabati na Kemia. Uamuzi utatolewa mwakani shule ikifunguliwa. Hiyo ndiyo sababu ya makala haya.

Kwanza nikiri. Mzazi yule hakusema uongo. Karo ya shule ya kibinafsi hailipwi kwa maneno matamu, na wazazi wengi wa hapa Awasi ni wakulima wa miwa, na malipo ya miwa nyote mnayajua yanavyochelewa. Wengine wanauza sokoni kando ya barabara ya Kisumu na Kericho, jua lao mvua yao. Mtu kama huyo akikohoa pesa za matatu, ana haki ya kuuliza zilikwenda wapi. Tena tulipokwenda kwenye tamasha la kaunti ndogo tulirudi saa mbili usiku, na kesho yake kuna waliosinzia ndani ya mtihani wa Fizikia. Mimi nilikuwa mmoja wao, na alama nilizopata sitaziandika hapa.

Hata hivyo, swali lenyewe lina kasoro. Linatupima kwa ratili ya wengine. Shule kama Maseno iko tangu mwaka 1906. Onjiko hapo jirani, Kisumu Boys, Kisumu Day, hizo ni shule zenye mamia kwa mamia ya wanafunzi. Wakitaka timu ya watu kumi na mmoja wanachagua kama mtu anayechagua nyanya sokoni, hii naam, hii la. Sisi je? Hatufiki mia moja na hamsini. Na mwaka 2025 tulipungua zaidi, maana hapakuwa na Kidato cha Kwanza nchi nzima. Wale wa KCPE ya mwisho, ya mwaka 2023, walikuwa wameshaingia Januari 2024, na wa Gredi ya 10 walikuwa bado njiani mpaka Januari 2026. Mabweni yalikuwa na vitanda vitupu. Golikipa wetu mwaka huo alikuwa ndiye katibu wa Chama cha Sayansi, ndiye aliyepiga ngoma kwenye kwaya, na Jumapili ndiye aliyesoma matangazo. Siku alipougua malaria, ilikuwa kama shule nzima imeugua.

Mtu anaweza kusema huo ni umaskini tu. Mimi nasema hapo ndipo faida yetu ilipo. Katika shule kubwa ishirini wanacheza na mia tano wanatazama. Kwetu hakuna mtazamaji. Hata yule asiyejua kuimba husimama kwenye kwaya kwa sababu mstari una pengo.

Nitatoa mfano wangu mwenyewe, ingawa nitachekwa. Sisi Wajaluo lugha yetu haina sauti ya "sh". Katika shairi letu la kukariri kulikuwa na ng'ombe aliyetumbukia shimoni, na mimi ndiye niliyepewa ubeti huo. Kila nilipofika kwenye neno "shimo" nilisema "simo". Mwalimu wetu akauliza, "Kama ng'ombe anasema simo, basi yumo wapi?" Nilitaka ardhi ipasuke. Kando yangu alisimama mwenzangu anayetoka upande wa Kericho, Mkipsigis, naye shida yake ilikuwa "b". Badala ya baba alisema papa, na papa, kama mjuavyo, ni samaki mkubwa wa baharini. Ubeti wake ulisema baba amerudi nyumbani. Basi samaki alirudi nyumbani kila siku kwa wiki tatu!

Tukafanya mapatano. Baada ya chakula cha jioni, kabla kengele ya prepu haijalia, yeye ananifundisha "sh" na mimi namfundisha "b". Shamba, shoka, shukrani. Baba, bibi, barua. Wapishi walidhani tumepagawa. Mashindano yalipofika tulishika nafasi ya nne kati ya shule tano, na mwamuzi akasema tulisimama wima mno kama askari wa gwaride. Kikombe hatukupata, hata cheti hatukupata.

Likizo fupi iliyofuata mwenzangu huyo alinialika kwao. Msomaji, elewa jambo hili. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 watu walikimbia makwao pande zote mbili za mpaka huu wa Nyando na Kericho, na nyumba zikachomwa. Mimi nilikuwa sijazaliwa, lakini nyumbani kwetu habari hizo huzungumzwa kila uchaguzi unapokaribia. Nyanya yangu aliposikia naenda kulala upande ule, alinyamaza kwanza, kisha akauliza, "Mtaongea lugha gani?" Nikamwambia Kiswahili. Nilikwenda, nikanywa mursik, nikarudi salama na ndizi mkungu mzima. Sasa niambieni, hilo litaandikwa kwenye kikombe gani?

Kuna watu watasema haya ni mambo madogo ya watu wawili. Haya, twende kwenye makubwa. Mwaka 2017 wasichana watano wa Kisumu Girls, waliojiita The Restorers, walitengeneza programu ya simu inayoitwa iCut. Msichana aliye katika hatari ya kukeketwa anaweza kuitumia kuomba msaada, na aliyekwisha kukeketwa kutafuta huduma ya daktari na ya sheria. Walikuwa wa umri wetu. Waluo hawana desturi hiyo ya ukeketaji, lakini waliona wasichana wa jamii nyingine waliosoma nao ikiwaharibia maisha. Kazi yao iliwapeleka mpaka California kwenye fainali za Technovation, wakiwa timu ya pekee kutoka Afrika. Mwaka 2019 Bunge la Ulaya likawaweka miongoni mwa watatu wa mwisho wa Tuzo ya Sakharov, tuzo ya watetezi wa haki za binadamu. Jina lao likatajwa pamoja na la Ilham Tohti, msomi wa Kiuyghur aliyefungwa maisha huko China.

Walishinda? California tuzo ya kwanza ilienda kwa wengine. Ile ya Sakharov alipewa Tohti. Kwa kipimo cha mkutano wetu wa wazazi, wasichana wale walirudi mikono mitupu mara mbili! Nasi hapa Awasi tunajigamba nao utadhani ni dada zetu wa tumbo moja.

Tazama pia idadi. Kisumu Girls ni shule kubwa ya serikali, lakini kazi ile ilifanywa na watu watano. Watano hata sisi tunao. Watano hujaa kwenye benchi moja la maabara yetu.

Wala shule ndogo si lazima iwe nakala dhaifu ya shule kubwa. Upande huu wetu wa miwa iko Jane Adeny Memorial, shule ya wasichana iliyofunguliwa mwaka 2011 na wahadhiri wawili wa Northern Illinois huko Marekani, Teresa Wasonga na Andrew Otieno, kwa wazo kwamba wanafunzi washirikishwe katika maamuzi ya shule yao. Mtu anaweza kukubaliana na wazo hilo au asikubaliane. Lakini jambo la namna hiyo ni rahisi kulijaribu mahali ambapo wote wanafahamiana kwa majina.

Kuhusu marudio ya Hisabati sina ugomvi, nami nayahitaji kuliko wengi. Ila wazazi wetu wakumbuke kwamba mfumo umebadilika. KCSE ya mwisho ya 8-4-4 ni ya mwaka 2027. Wadogo zetu wa Gredi ya 10 wana mikondo mitatu, na mmoja wa mikondo hiyo ni wa Sanaa na Michezo. Itakuwa ajabu tufunge kwaya na drama wakati ambapo serikali imeziweka kwenye ratiba ya masomo. Ni sawa na mtu kuuza jembe mvua ikianza kunyesha.

Sasa nigeukie upande wetu, maana lawama si za wazazi peke yao. Jameni, tuambiane ukweli. Baadhi yetu Ijumaa ni siku ya kulala chini ya mwembe. Kuna chama kimoja, sitakitaja, ambacho kwa muhula mzima kilikutana mara mbili, na mara moja kati ya hizo ilikuwa ni kupiga picha. Na kosa kubwa zaidi ni letu sote. Mwalimu Mkuu alipoulizwa vikombe viko wapi, hakuwa na kitu kingine cha kuonyesha, kwa sababu hatukuwa tumempa. Chama cha Sayansi walitengeneza makaa kwa makapi ya miwa na molasi, wakatolewa raundi ya kwanza, na leo ukiwauliza walichanganya kipimo gani hakuna anayekumbuka. Mpishi ndiye aliyeyajaribu jikoni na kusema yanashika moto polepole lakini yanakaa. Maneno hayo yalitakiwa yaandikwe siku ileile. Yeye mwenyewe alikuwa amekaa nje ya mlango wa mkutano akichambua mboga. Hakuna aliyemwita.

Ninachopendekeza ni kwamba vyama vyote vitano vibaki, lakini twende mashindano mawili tu kwa mwaka, na tusiende yale yanayoangukia wiki ya mitihani. Saa moja ya Ijumaa ipewe Hisabati, moja ibaki yetu. Na kila chama kiwe na daftari lake, nani alifanya nini, kilifaulu au kiliharibika vipi. Madaftari hayo matano ndiyo yawekwe juu ya meza siku ya mkutano ujao, kando ya kile kikombe chetu cha sikio moja.

La Chama cha Kiswahili nimeshalinunua, la kurasa mia mbili. Ukurasa wa kwanza nimeandika juu ya "simo" na "papa", kwa ruhusa ya mwenzangu. Sisi wa Kidato cha Nne tunaondoka, kwa hiyo kiti cha katibu ki wazi. Anayekitaka aje Ijumaa saa kumi darasa la mwisho, lile lenye dirisha bovu. Aje na kalamu yake, maana chama hakina.