Maandishi Juu ya Picha ya Arusi: Nani Ayashike?

Arusi ya siku hizi ina wageni wa namna mbili: wale wanaoketi ukumbini, na wale wanaoitazama kwa simu kutoka mbali. Sisi wa Mururu tunalielewa jambo hilo vizuri. Jamaa zetu wengi wako Bukavu, ng'ambo ya mto Rusizi; na mwezi Machi 2020, mipaka ilipofungwa kwa sababu ya ugonjwa wa Korona, mto ule ulikuwa kama bahari kwetu. Wengine ni askari walio mbali zaidi. Mwezi Julai 2021 Rwanda ilipeleka wanajeshi na polisi 1,000 katika mkoa wa Cabo Delgado, nchini Msumbiji. Aliyekwenda huko huenda aliacha nyumbani dada anayetarajia kuolewa.

Ndiyo maana vijana wanaorusha sherehe moja kwa moja kwa njia ya intaneti wamekuwa watu wa lazima. Programu mojawapo itumiwayo sana kwa kazi hiyo ni OBS Studio, iliyoanzishwa mwaka 2012 na Hugh Bailey, nayo hutolewa bure. Leo yafaa tutazame sehemu moja tu ya kazi yao: yale maandishi yanayoonekana juu ya picha, kama vile majina ya maarusi, utaratibu wa sherehe, salamu za jamaa na namba ya kupokelea michango.

Maandishi hayo hayamo katika kamera. Katika programu hiyo kila kitu kinachoingia kwenye picha huitwa chanzo: kamera ni chanzo, sauti ni chanzo, na ukurasa wa intaneti nao waweza kuwa chanzo. Programu ina kivinjari chake cha ndani. Fundi hukipa anwani ya ukurasa. Nacho huufungua, huiondoa rangi yake ya nyuma, na kuutandaza juu ya picha ya kamera mithili ya karatasi angavu ya nailoni. Vyanzo hupangwa kwa orodha, na kilicho juu katika orodha hufunika kilicho chini. Kwa hiyo ukurasa wa maandishi ukiwa chini ya kamera, hautaonekana. Hali kadhalika, kivinjari hicho huanza na ukubwa wa 800 kwa 600. Fundi anayerusha picha ya 1920 kwa 1080 hana budi kuubadilisha, la sivyo maandishi yatakaa mahali pasipostahili.

Faida ya njia hii ni kwamba ukurasa waweza kubadilika wenyewe wakati sherehe inaendelea. Salamu ikiandikwa Msumbiji, yaweza kutokea chini ya uso wa bibi arusi baada ya muda mfupi. Lakini faida hiyo ndiyo pia mlango wa hatari. Mtazamaji hajui nani ameandika. Kila kinachosomeka pale, yeye hukichukua kuwa ni kauli ya wenye nyumba.

Tuseme ukurasa umewekwa upokee salamu za watu wote bila kupitiwa. Kaka, kwa furaha yake, anataja kikosi chake, kambi aliyopo na siku atakayoondoka. Familia ilitaka salamu. Kumbe imetangaza habari za kazi mbele ya watu isiowajua. Tuseme tena mtu mwovu ameingiza namba yake badala ya ile ya mweka hazina wa kamati. Wachangaji watatuma fedha kwa moyo mweupe, na lawama itawaangukia wazazi.

Kwa sababu hiyo, kabla ya kumlipa fundi, kamati imwulize maswali manne.

La kwanza: ukurasa wa maandishi umehifadhiwa wapi? Kivinjari kile chaweza pia kufungua faili iliyomo katika kompyuta yenyewe. Majina, utaratibu na namba ya michango, ambayo hayana haja ya kubadilika, yafaa yakae humo. Intaneti ikisumbua wakati wa kuufungua ukurasa, maandishi hayo yatatokea vilevile.

La pili: nani ana anwani ya ukurasa? Huduma nyingi za intaneti za kutengeneza kurasa hizi humpa mtumiaji anwani ndefu yenye maneno ya siri, nayo ni kama ufunguo. Isitumwe katika kikundi cha simu, wala isionyeshwe hewani fundi anapofungua mipango yake. Ikivuja, iombwe mpya mara moja.

La tatu: nani anasoma salamu kabla hazijatokea? Mtu mmoja wa familia, mwenye kufahamu majina ya jamaa na desturi za kazi ya askari, aketi karibu na fundi. Salamu ya askari itaje jina na upendo wake. Kituo chake kiachwe.

La nne: kompyuta ina nguvu kiasi gani? Kila ukurasa unaofunguliwa hula nguvu za mashine. Ukurasa mmoja wenye mambo yote ni afadhali kuliko kurasa tano zinazoifanya picha ikwame wakati wa viapo.

Hatimaye jaribio lifanywe siku moja kabla, huku mtu akitazama kwa simu katika nyumba nyingine. Asome kila jina kwa sauti, na namba ya michango ailinganishe tarakimu kwa tarakimu na ile aliyo nayo mweka hazina. Fundi akiisahihisha faili, aupakie ukurasa upya katika programu, kwa maana kivinjari chaweza kuendelea kuonyesha maandishi ya zamani. Kazi hiyo haizidi nusu saa, na inaiepusha familia na aibu ya kuomba radhi kwa watu waliokuwa mbali, ambao hawakuwa na njia nyingine ya kuhudhuria.