Majivu ya Makaa Hayaishii Kwenye Saruji

Mwandishi aliyetetea umeme wa makaa ya mawe kwa kusema kwamba majivu yake si taka bali mali ya viwanda vya saruji, ametuambia nusu ya habari.

Ni kweli, majivu mepesi yanayonaswa kwenye moshi huimarisha zege. Lakini kiwanda hununua ubora kinaoutaka, kwa kiasi kinachokitosha. Mtambo wa umeme haungoji mnunuzi. Huchoma usiku na mchana. Makaa yenye majivu ya asilimia 10 huacha kilo 100 kwa kila tani. Yasiyouzwa hulundikwa au kumwagwa bwawani, pamoja na arseniki, risasi na zebaki iliyomo.

Marekani imekuwa na soko la majivu kwa miongo mingi. Soko hilo halikuiokoa Kingston, Tennessee: tarehe 22 Desemba 2008 ukingo wa bwawa la majivu ulibomoka, tope la mita za ujazo zipatazo milioni 4 likavamia nyumba na mto Emory. Usafishaji uligharimu zaidi ya dola bilioni 1.

Basi wakazi wa Lamu, Kenya, walipohoji majivu ya mtambo wa makaa wa megawati 1,050 uliopangwa kujengwa huko yangekaa wapi, karibu na bahari wanayovua, hawakuwa wakipinga maendeleo. Juni 2019, jopo la rufaa za mazingira la nchi hiyo lilifuta leseni ya mradi huo.

Asiyeweza kututajia mnunuzi wa majivu na mlipaji wa bwawa, asituambie umeme huo ni wa bei nafuu.